Shilingi Ngapi Kujifunza Kuusoma Mguu?

Mama yangu alikanyaga msumari siku ya Ijumaa akianua nguo uani. Tulijua Jumatatu, nilipookota kandambili yake niisafishe nikakuta damu iliyoganda na ncha ya msumari imechomoza juu ya soli. Siku tatu alikuwa ametembea nao: amepika, amefagia, amekwenda hitima kwa jirani na kurudi. Hakuhisi kitu. Kisukari kilikuwa kimekwisha kuziua hisia za nyayo zake, nasi wanawe hatukuwa na habari, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumvua viatu akamgusa vidole. Kliniki hakukosa hata mwezi mmoja. Alipimwa sukari, akapimwa presha, akaandikiwa vidonge. Miguu ilibaki ndani ya viatu.

Kidonda kilichukua miezi minne kufunga, na mguu wake anao. Wodini tuliwaacha watu ambao wa kwao walikuwa wameshaupoteza. Ndiyo maana mdogo wangu, muuguzi wa zahanati moja wilayani Korogwe, aliponiambia, "Dada, nataka nijifunze miguu, ila sijui nikasomee wapi wala kwa shilingi ngapi," nilimwahidi kumlipia, na nikaanza kuulizia mwenyewe. Ninayoyaandika hapa ni kwa yeyote anayefikiria kutoa fedha yake kwa elimu hii: muuguzi, tabibu wa zahanati, mtoto anayemuuguza mzazi, au kijana anayepita mitaani na kikapu chake akiosha miguu ya watu na kuwapaka rangi kucha.

Kabla ya bei tuijue bidhaa. Elimu ya miguu ina sehemu mbili, na gharama zake hazikaribiani. Moja ni kupima: kujua kama mguu una hisia, kama damu inafika vidoleni, kama kuna mfupa uliopinda, kama kiatu kinabana. Nyingine ni kutibu: kupunguza sugu, kukata kucha nene au iliyoota ndani ya nyama, kusafisha kidonda, kumfanya mgonjwa atembee bila kukikanyagia. Kupima unaweza kukushika ndani ya siku moja au mbili, na ukikosea hakuna damu inayomwagika. Kutibu kunataka kisu, na kisu kinataka mwalimu asimame begani kwako. Kozi nyingi zinazotangazwa huzifunga zote mbili katika fungu moja, siku tatu, bei moja, na hapo ndipo fedha ya watu inapopotelea.

Nianze na kisicho na bei. Mwaka 2011 daktari Gerry Rayman na wenzake wa Ipswich, Uingereza, walichapisha kipimo cha hisia kinachotumia kidole cha mpimaji tu. Mgonjwa anafumba macho. Unamgusa kwa ncha ya kidole chako cha shahada kwenye ncha za vidole vyake vya miguu: kidole gumba, cha kati na cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto, jumla mahali sita. Mguso uwe mwepesi, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza na bila kupapasa. Akihisi anasema "kulia" au "kushoto". Akikosa mahali pawili au zaidi, hisia zinazomlinda zimepungua na apelekwe kwa mwenye vifaa. Nilipomfanyia mama, alikaa kimya mara zote sita, macho amefumba, akisubiri nianze. Nilikuwa nimeshamaliza.

Kupapasa mapigo ya damu nako ni bure. Kuna mshipa mmoja juu ya mguu, kwenye mgongo wake, na mwingine nyuma ya kifundo upande wa ndani. Muuguzi yeyote wa kliniki ya kisukari anaweza kukuwekea vidole vyako juu yake kwa dakika tano. Mwombe. Mimi niliomba, naye akafurahi kuombwa.

Kwa hiyo mtoto anayemlea mzazi nyumbani simshauri alipie kozi yoyote. Anachohitaji ni mazoea ya kila siku: kuangalia nyayo na katikati ya vidole kwenye mwanga mzuri, kukung'uta viatu kabla havijavaliwa, kuyapima maji kwa kiwiko kabla mzee hajatia mguu, kukausha vizuri kwa taulo, kupaka mafuta kwenye magaga ya kisigino lakini si katikati ya vidole. Na chandarua kichomekwe barabara chini ya godoro, si kwa ajili ya mbu peke yake. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika juu ya wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya wakiwa usingizini wasiamke, maana mguu hauna hisia ya kuwaamsha. Fedha ya kozi inunue viatu: vyenye nafasi mbele, vilivyofunika vidole, soli ambayo mwiba hauipiti. Kandambili haikingi chochote. Ya mama ni shahidi. Katambuga za tairi zinauzuia msumari, lakini mikanda yake migumu husugua ngozi isiyohisi hadi ikachubuka, kwa hiyo nazo zinataka kuangaliwa kila jioni.

Sasa wale ambao kazi yao inawataka wapime watu wengi. Kabla hujalipa mtu, soma kilicho bure. Jopo la kimataifa linalotunga miongozo ya mguu wa kisukari limekuwa likiitoa tangu mwaka 1999, na toleo la 2023 linapatikana kwenye intaneti bila malipo. Ndani yake kuna mambo ambayo nimekuta yakiuzwa ghali kwenye vitini vya semina. Yamo makundi manne ya hatari, kwa mfano: asiye na tatizo la hisia wala la damu apimwe mara moja kwa mwaka, mwenye moja kati ya hayo mawili, kila miezi 6 hadi 12, mwenye yote mawili, au mwenye mojawapo pamoja na mguu uliopinda, kila miezi 3 hadi 6, na mwenye tatizo la hisia au damu aliyewahi kupata kidonda au kukatwa, au ambaye figo zake zimeshindwa, kila mwezi 1 hadi 3. Uskoti nako wana mafunzo ya bure ya intaneti kwa wapimaji wa miguu, yanaitwa FRAME. Gharama ya yote haya ni bando na Kiingereza. Usiidharau hiyo ya pili. Mdogo wangu anakisoma Kiingereza, lakini kwa mwendo wa mtu anayetafuta njia gizani, na kurasa chache zilimlia jioni nne.

Mwongozo hata hivyo haukushiki mkono. Alipomaliza kusoma alijua kwamba sugu ngumu chini ya kidole gumba inaweza kuficha kidonda, ila hakujua sugu ya namna hiyo inaonekanaje. Rangi yake, vile inavyobonyea, ule ukungu wa damu unaoonekana kwa ndani kama wino uliovuja: haya anakuonyesha mtu, mguu ukiwa mbele yenu.

Tanzania tunao mfano mzuri wa namna ya kufundisha, na yeyote anayechagua kozi autumie kama kipimo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpango ulioitwa Step by Step uliendeshwa India na Tanzania kwa msaada wa World Diabetes Foundation, na hapa kwetu aliusimamia daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam. Daktari na muuguzi wa hospitali moja walifundishwa pamoja, wakarudi kazini na vifaa mkononi, kisha baada ya mwaka mmoja wakaitwa tena kwa mafunzo ya juu. Angalia mambo matatu yaliyomo. Hakwenda mtu mmoja, maana muuguzi aliyejifunza akirudi kwa daktari asiyeelewa, kisu kitakaa kabatini. Vifaa vilitoka pamoja na somo. Na mwalimu alirudi kuuliza, baada ya mwaka mzima wa wagonjwa halisi. Kozi unayotangaziwa leo ikiwa na mawili kati ya hayo ni kozi nzuri. Ikiwa na moja, jadiliana bei. Isipokuwa na hata moja, unanunua cheti cha kutundika.

Hesabu yake ifanywe hivi. Tarakimu ni za mfano, bei za kwako utaziweka mwenyewe. Kozi ya kwanza ada yake ni 250,000 kwa siku tatu. Nauli kwenda na kurudi 80,000. Malazi na chakula, 40,000 kwa siku, ni 120,000. Vifaa hawatoi, unajinunulia kwa 180,000. Jumla 630,000, na miguu uliyoshika ni ya wanakozi wenzako, yote mizima, yote ina hisia. Kozi ya pili ada ni 600,000 kwa siku tano, nauli ileile, malazi na chakula 200,000, vifaa vimo ndani ya ada. Jumla 880,000, na siku tatu kati ya hizo unakaa kliniki ukiona wagonjwa 30 mwalimu akiwa kando. Tofauti iliyoonekana kwenye tangazo ilikuwa 350,000. Tofauti ya kweli ni 250,000. Na ukigawa gharama yote ya kozi ya pili kwa wagonjwa, umelipa kama 29,000 kwa kila mgonjwa uliyemwona. Ya kwanza haigawanyiki, kwa sababu mgonjwa hakuwapo.

Aliyejiajiri aongeze na siku asizoingiza kitu. Aliyeajiriwa aulize kwanza baraza lake la taaluma kama kozi hiyo inahesabiwa katika mafunzo endelevu ya kuhuisha leseni. Wauguzi wa Kenya na wa Tanzania wana mabaraza yao, na jibu la upande mmoja wa mpaka halimsaidii wa upande wa pili. Waandaaji wengine hutaja neno "inatambulika" bila kusema inatambuliwa na nani. Omba barua.

Nimebuni pia swali la kumpimia mwalimu kabla ya kulipa, na nalitoa bure. Muulize: je, mgonjwa mwenye ganzi ya miguu alowekwe miguu kwenye maji? Mwalimu anayejibu haraka, kwa ndiyo au kwa hapana, mwache. Anayeijua kazi atakuuliza ganzi hiyo imetokana na nini. Mgonjwa wa ukoma ambaye ngozi yake imekauka kama gome hufundishwa kuloweka miguu, kusugua sugu taratibu kwa jiwe, kisha kupaka mafuta kabla unyevu haujapotea; utaratibu huo umeokoa nyayo nyingi. Mgonjwa wa kisukari hushauriwa asiloweke, aoshe upesi na akaushe, maana ngozi iliyolainika huchanika na kuota fangasi katikati ya vidole, na maji ya moto humbabua asijue. Ganzi ni ileile, ushauri unatofautiana. Na waalimu wa kisukari wana deni kwa ukoma: Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi na wagonjwa wa ukoma Vellore, India, ndiye aliyewaonyesha wengi kwamba kidonda cha unyayo hakiletwi na ukoma wenyewe kuila nyama, kinaletwa na kutembea juu ya mguu usiolalamika. Ndiyo sababu hogo linalofunga mguu wote na kugawa uzito likawa tiba ya vidonda vya nyayo hadi leo. Ila kulifunga hogo hilo kwenye mguu usiohisi ni kazi ya aliyefundishwa hasa, kwa kuwa likikaa vibaya linachimba kidonda kipya pale pale gizani. Kozi ya siku tatu inayoahidi hogo nisingeilipia.

Vyuo vya urembo na ususi navyo hufundisha miguu, kwa namna yake, na ada zake huwa nafuu. Mwanafunzi anatoka anajua kuosha, kusugua kisigino, kukata na kupaka rangi. Hiyo ni kazi ya heshima, na wanaoifanya huona miguu mingi kwa siku kuliko daktari yeyote. Ninayowaomba ni mawili tu: wembe na kijiti cha kuchokolea pembeni mwa kucha viwekwe chini mteja akisema ana kisukari, na beseni lisipite kutoka kwa mtu hadi mtu bila kuoshwa kwa dawa. Kijana wa kikapu akijifunza ile miguso sita ya Ipswich, na akajua zahanati ya kumwelekeza mteja, ameshakuwa mpimaji wa mtaa. Itamgharimu asubuhi moja. Zahanati ikimwita na kumfundisha, itamgharimu muuguzi asubuhi hiyohiyo.

Ndugu zetu walioko Uingereza, wengi wao wakiwa kwenye kazi za kulea wazee majumbani, wameniuliza jambo jingine: vyeti vya "foot health practitioner", vinavyosomwa kwa masafa na kumaliziwa kwa majuma machache ya vitendo. Jueni mnachonunua. Kule majina "podiatrist" na "chiropodist" yanalindwa kisheria, hayatumiki mpaka uandikishwe na HCPC, baraza la taaluma za afya la huko. Jina la kwenye cheti hicho halilindwi. Kinakuruhusu kukata kucha na kupunguza sugu kwa wateja binafsi, na kwa mtu anayetaka kipato cha pembeni kinaweza kurudisha gharama. Hakikuingizi kwenye rejista, na ukirudi nacho Tanga au Mombasa usidhani baraza litakupa leseni kwa ajili yake.

Shahada ya podiatria, yaani taaluma ya miguu, ni safari nyingine kabisa. England ni miaka mitatu, Uskoti minne, na mwanafunzi hupitisha takriban saa 1,000 kliniki kabla hajahitimu. Ada ya mkazi wa England kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni pauni 9,535, maana yake pauni 28,605 kwa miaka mitatu bei isipopanda. Mbona basi nasema mkazi asiogope? Kwa sababu wanafunzi wa fani hii wanaotimiza masharti hupewa na NHS, huduma ya afya ya taifa, pauni 5,000 kila mwaka zisizorudishwa, na podiatria imo katika fani chache zinazoongezewa pauni 1,000. Miaka mitatu ni pauni 18,000. Dada anayelea wazee Leicester na ana makazi ya kudumu, hesabu yake inakaribia kufaa. Anayetoka nyumbani kwa viza ya mwanafunzi hana ruzuku hiyo, ada ya mgeni ni kubwa zaidi, na kodi ya afya ya pauni 776 kwa mwaka anailipa yote mbele kabla hajapanda ndege: si chini ya pauni 2,328 kwa miaka mitatu. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Johannesburg kina shahada ya miaka minne, ndicho pekee kinachoitoa nchini humo. Kwa Mswahili mwenye uwezo au mfadhili ningesema atazame huko kwanza, maana atakutana na miguu inayofanana na ya kwao: iliyotembea peku, iliyochelewa hospitali.

Na wapo ambao mkono wao unapenda zaidi kuunda kuliko kukata. Hao wasiende mbali. TATCOT, chuo cha mafundi viungo kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, tangu mwaka 1981, kimefundisha watu kutoka nchi nyingi za Afrika kutengeneza viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo. Kila kliniki ya vidonda niliyoitembelea ililia jambo moja, kwamba kidonda kinafunga, mgonjwa anarudi kwenye kiatu kilekile, kidonda kinafunguka. Fundi anayejua kuondoa mgandamizo kwenye soli ana kazi ya kumtosha maisha.

Nirudi kwenye vifaa, kwa kuwa huko ndiko nilikopoteza fedha. Cha kwanza kununua ni monofilamenti ya gramu 10, uzi wa nailoni kwenye mpini, unaopinda pale nguvu inapofika gramu hizo. Unaugusisha mahali patatu: chini ya kidole gumba, na kwenye vibonye viwili vya mbele ya unyayo, kile cha upande wa kidole gumba na kile cha upande wa kidole cha mwisho. Kila mahali unauliza mara tatu, na mara moja kati ya hizo unajifanya kugusa bila kugusa. Akijibu sawa mara mbili kati ya tatu, hisia zipo. Usiugusishe juu ya sugu wala kidonda. Mimi niliona seti ya nyuzi nyingi za uzito mbalimbali, imepangwa vizuri ndani ya kijaluba, nikavutika nikainunua. Zahanati haikuzihitaji. Uzi mmoja wa gramu 10 unatosha, ununue miwili.

Kwa nini miwili? Uzi huchoka. Miongozo inashauri ukishapima watu 10 hadi 15 uupumzishe saa 24, na ukishapima watu 70 hadi 90 uutupe. Uliochoka hupinda kwa nguvu ndogo, mgonjwa mwenye hisia nzuri anaonekana hana, zahanati inampa rufaa ya bure na nauli inamtoka. Tuseme umeununua kwa 30,000: kila mgonjwa amekugharimu kati ya shilingi 330 na 430. Hakuna kipimo kingine zahanati kinachokaribia bei hiyo kwa faida inayoleta. Anayekuuzia "wa kudumu" muulize umedumu kwa nani.

Cha pili ni uma wa sauti wa hezi 128, ule wa chuma unaopigwa ukatetema, unaowekwa juu ya mfupa wa kidole gumba. Hauchoki, hauli betri, utamrithisha mwanao. Mashine ya dopla ya kusikilizia damu ni nzuri lakini ni ghali, na kwa zahanati vidole vya mpimaji vinatosha kuanzia; inunuliwe na hospitali ya wilaya, zahanati zipeleke wagonjwa huko.

Vya kutibia ndivyo vinavyodanganya. Kozi hukupa seti moja: koleo ya kucha, tupa, mpini wa kisu na visu vyake, kibanio. Unafurahi. Kisha unarudi kazini, wanakuja wagonjwa wanane, na seti ni moja. Kisu kinatupwa kila mgonjwa, hilo wengi wanalijua. Koleo je? Ikitoka kwa mtu ikiwa na damu lazima itakaswe kwa mvuke wa mgandamizo, nyuzi 121 kwa dakika 15 au 134 kwa dakika 3. Kuifuta kwa spiriti au kuichemsha kwenye sufuria hakutoshi. Kama otoklevu inawashwa mara moja kwa siku, wagonjwa wanane wanataka seti nane. Gharama hii haiandikwi kwenye tangazo lolote nililoliona, nayo ndiyo kubwa kuliko ada. Ongeza chanjo ya homa ya ini aina ya B, dozi tatu ndani ya miezi sita, kabla mtu hajashika kisu.

Kwa sababu hiyo ndani ya familia tulikata shauri lililomshangaza kidogo mdogo wangu. Alikuwa amejiandaa kwa kisu. Nikamwambia mwaka wa kwanza apime tu. Zahanati yake ina otoklevu moja ya uzazi, na haiwezekani kinamama wasubiri koleo za kucha. Hivyo nililipia siku mbili za kukaa na muuguzi mzoefu wa kliniki ya miguu mkoani, kwa makubaliano na wakubwa wao wote wawili, badala ya semina ya hotelini iliyokuwa na bei karibu mara tatu. Alikwenda na tabibu wake. Waliona wagonjwa 22. Siku ya pili yule muuguzi alimshika kiganja na kumwekea kidole kwenye ukingo wa sugu, akamwambia abonyeze, na maji yakatoka. "Dada," aliniambia usiku ule kwa simu, "nimepitisha miguu mingapi ya hivi nikidhani ni sugu?"

Kisu atajifunza mwaka ujao, nami nimeshaanza kuweka akiba ya seti. Kwa sasa ana daftari lenye mistari ya makundi manne, na siku ya kliniki ya kisukari wagonjwa wanakaa kwenye benchi wameshavua viatu kabla hawajaitwa. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe akitaka monofilamenti nyingine. Ya kwanza imeshapima watu 83.